Dhahabu Hubaki, Hina Hufifia: Historia ya Sanaa ya Usukuma Iliyotengenezwa Ili Imalizike



Kila msimu wa harusi unapokaribia tunaulizwa suali moja kwa njia tofauti. Biharusi mmoja anataka kujua kama kuna hina isiyofifia. Mwengine anauliza kama asumini za kikuba zinaweza kukaushwa zikabaki na harufu yake. Wa tatu anasema wazi: kwa nini nilipe fedha yote hii kwa mchoro utakaofutika ndani ya wiki mbili tatu, wakati fedha ile ile ingeongeza uzito wa mkufu wangu?

Ni suali la haki, na leo tumeona tulijibu kwa njia ya historia. Historia yenyewe haiko hapa visiwani. Tutavuka bahari, tupite Bagamoyo, tufuate ile njia waliyopita wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi katika karne ya 19, walipobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi kwao na nguo na shanga zilizopita Unguja. Tutafika Shinyanga na Geita, nchi ya almasi na dhahabu. Tumeichagua kwa sababu ni ardhi inayotoa vitu vinavyodumu kuliko vyote anavyopewa biharusi, na wakati huo huo wenyewe wa pale walikuwa na sanaa nzuri sana iliyotengenezwa ichezewe, iguswe, ifanye kazi yake, kisha imalizike.

Nchi ya vitu visivyooza

Tuanze na kile ambacho dunia inakijua. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Canada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Mgodi wake ukawa maarufu duniani. Oktoba 1947 likapatikana pale jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Williamson akalitoa zawadi ya harusi kwa Princess Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa Novemba 20 mwaka huo huo. Jiwe likakatwa na kusuguliwa hadi likabaki na karati 23 na kitu, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Fikirini, dada zetu: ua lililotoka kwenye udongo wa Shinyanga, halinyauki wala halina harufu.

Mwaka huo huo wa 1947, huko Marekani, mwandishi wa matangazo aitwaye Frances Gerety aliwatungia De Beers maneno ya kuuzia almasi. Maana yake ni kwamba almasi ni kitu cha milele. Tangu hapo mabiharusi wa mataifa mengi wakazoea kupima mapenzi ya mume kwa jiwe. Sisi wa visiwani tumezoea zaidi dhahabu, lakini hesabu ni ile ile. Tunataka kitu kitakachobaki, kwa sababu tunaogopa kwamba mengine hayatabaki.

Geita nako kuna historia yake. Mgodi wa dhahabu ulifanya kazi pale tangu miaka ya 1930, enzi za ukoloni, ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Upande wa Kahama, mkoani Shinyanga, ulifuata mgodi wa Bulyanhulu mwaka 2001 na wa Buzwagi mwaka 2009. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa unaojitegemea. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, wanaume kwa wanawake, na wako akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo kutafuta chembe.

Lakini hata mgodi una umri. Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009, ulifika mwisho wa kazi yake mwaka 2021, miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa siku ulipofunguliwa alikuwa hajamaliza shule ya msingi ulipofungwa. Dhahabu imeondoka ikaenda kwa masonara wa dunia, likabaki shimo. Basi tunapozungumza juu ya vitu vya kudumu na vitu vya kupita, tukumbuke kwamba kitu kinaweza kudumu kidoleni mwa mtu na kikawa kimepita kabisa mahali kilipotoka.

Ngika na Gumha

Sasa tuzungumze juu ya wenyewe wa nchi. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na wameenea Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita. Ni wakulima na wafugaji, na ngoma kwao haikuwa pambo la sherehe peke yake. Walilima kwa ngoma. Vikundi vya vijana vilikwenda shamba la mtu vikalima kwa mapigo, na kutokana na kazi hiyo ikatoka ngoma ya bugobogobo inayochezwa na majembe mkononi hadi leo. Ipo pia wigashe, ambayo wachezaji huicheza wakiwa wamekaa.

Katika karne ya 19, wanasimulia Wasukuma wenyewe, walikuwepo waganga wawili waliokuwa pia mabingwa wa ngoma, mmoja akiitwa Ngika na mwengine Gumha. Kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye bora. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu. Mpaka leo vikundi vingi vya ngoma Usukumani vinajihesabu kuwa ni vya upande huu au ule.

Mashindano yao hufanyika baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa na kazi za shamba zimepungua. Utaratibu wake ni wa kupendeza. Vikundi viwili havipokezani zamu. Vinacheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna jaji wa kukaa kwenye kiti na karatasi. Miguu ya watu ndiyo inayohukumu.

Kwa ajili ya mashindano hayo wasanii walitengeneza vitu. Walichonga watu wa mbao, wengine wakubwa, wenye nyuso za kutisha au za kuchekesha, na baadhi yao walitiwa viungo vinavyocheza ili mikono au miguu iweze kutikiswa. Mchezaji aliyeshika sanamu ile alijua kwamba akiinyanyua kwa wakati wake, watu watapiga kelele na kukimbilia upande wake. Vitu hivi havikuchongwa viwekwe kabatini vitazamwe. Bila mkono wa mchezaji na bila macho ya umati, lilikuwa gogo tu.

Na hapa ndipo tunapoona umri wa kitu chenyewe. Jambo la kushangaza likishaonekana mara mbili tatu halishangazi tena. Mpinzani keshaliona, na watoto wameshaliigiza uani. Kwa hiyo kikundi kilichotaka kushinda kililazimika kubuni jipya. Mchwa walikuwa na kazi yao kwenye mbao, na jua na mvua vilikuwa na kazi yake, lakini mara nyingi kitu kilikuwa kimeshakufa kabla mchwa hawajakifikia. Kilikufa siku watu walipoacha kukishangaa. Fundi wa pale alijua jambo hilo tangu anapoanza kuchonga, wala hakuona kwamba kazi yake imepotea bure.

Tuseme na hili ili tuwe wakweli kwa historia na kwa dini yetu. Ndani ya mashindano hayo yalikuwemo mambo ya dawa za mvuto na kutegemea nguvu za waganga, na hayo kwetu Waislamu hayana nafasi. Hatuyaelezi ili yaigwe. Lakini kujua namna wenzetu walivyofikiri juu ya kitu, kazi na muda ni elimu, na elimu tumehimizwa kuitafuta.

Kuta zilizofundisha

Walikuwepo Usukumani mabingwa wa nyoka, waliojipanga katika vyama. Chama kimoja kinaitwa Bayeye, na wapinzani wao wanaitwa Bagoyangi. Kazi yao ilikuwa kukamata nyoka, kuwafuga, kucheza nao mbele za watu, na kubwa zaidi, kutibu walioumwa. Katika nchi ya wakulima wanaolima miguu mitupu, huo ulikuwa ujuzi wa kuokoa maisha. Mpaka leo ngoma ya Bayeye inachezwa na chatu mzima shingoni mwa mchezaji.

Mtu aliyetaka kuingia chamani alifundishwa ndani ya nyumba maalumu. Kuta za udongo za nyumba hiyo, upande wa ndani, zilichorwa picha: nyoka wa aina mbalimbali, watu na wanyama wa hadithi za chama, na mambo ya kale wanayosimuliana. Mgeni hakuruhusiwa kuingia. Mwanafunzi aliketi, mwalimu akamwonyesha picha moja baada ya nyengine na kumweleza. Huyu ni nyoka gani, ana hatari gani, chama chetu kilitoka wapi. Ukuta ulikuwa daftari, na mwalimu ndiye aliyeweza kulisoma.

Dada zetu mliokulia kwenye nyumba za udongo na makuti mnajua hali yake. Mvua ya masika inanyesha, tope linamomonyoka, mchwa wanapanda, moshi wa jikoni unatia weusi. Nyumba hiyo haikujengwa kwa mawe na chokaa kama ya Mji Mkongwe. Baada ya miaka ilianguka, na picha zikaanguka nayo. Ikijengwa nyumba nyengine, picha zilichorwa upya na mikono ya watu waliofundishwa na zile za kwanza.

Tunaomba msimame hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo jibu letu kwa biharusi aliyeuliza. Kile kilichodumu hakikuwa ukuta. Kilichodumu ni ule uwezo wa kuchora tena na kueleza tena. Kuanguka kwa ukuta kulimlazimisha mtu wa kizazi kipya kushika rangi na kuonyesha kwamba kweli alifahamu. Kama ukuta ungekuwa wa jiwe, picha zingebaki, lakini huenda mafunzo yangelala. Watu wangeziangalia na kuzizoea, mpaka akaja kizazi kisichoweza kuzichora wala kuzieleza.

Aliyeokoa na kilichobaki nje

Picha hizo zimejulikana nje ya Usukuma kwa sababu ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekaa Tanganyika muda mrefu na kuifanyia kazi serikali ya wakati huo akiwa mtafiti wa mila na jamii. Cory alipata kuingia katika nyumba hizo, na michoro ya kutani ikanakiliwa kwenye karatasi. Mwaka 1953 kikatoka London kitabu chake juu ya michoro ya ukutani ya mabingwa wa nyoka wa Tanganyika. Mwaka huo huo kilitoka pia kitabu chake kikubwa juu ya sheria na mila za Wasukuma. Nyaraka zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Bila ya kazi hiyo sisi tusingekuwa na la kusimulia leo. Tunamshukuru aliyeandika. Lakini tuangalie kilichotokea. Picha iliyotolewa ukutani ikawekwa kwenye karatasi ilipata umri mrefu, ikapoteza nyumba, giza lake, sauti ya mwalimu na mwanafunzi aliyeketi chini. Sasa mtu yeyote anaweza kuitazama London au Dar es Salaam, na hakuna anayelazimika kuichora tena.

Mfano wa pili upo Bujora, Kisesa, wilaya ya Magu, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Pale ipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoasisiwa na padri wa Kikatoliki kutoka Canada, David Clement, aliyeanza kazi yake pale katika miaka ya 1950, na Wasukuma wakampa jina la Fumbuka. Ndani ya makumbusho kuna ngoma za watemi, vyombo vya nyumbani, na banda la vitu vya Bagika na Bagalu. Vitu ambavyo vingekwisha kwa mchwa vimepata paa.

Lakini Bujora kuna jambo jengine tunalolipenda zaidi. Kila mwaka, kiasi cha mwezi wa Juni, hufanyika pale tamasha la ngoma liitwalo Bulabo. Neno hilo kwa Kisukuma ni maua. Tamasha lilianzia kwenye sikukuu ya Wakatoliki ya maandamano na maua, na likawa uwanja wa mashindano ya Bagika na Bagalu. Siku hiyo uwanja unakuwa hai: majembe yanarushwa juu, chatu anatolewa, watu wanakimbia upande huu na ule. Kitu kilichomo ndani ya makumbusho kimehifadhiwa, na kile kilichopo uwanjani kinatumika na kuchakaa. Tukiulizwa ni kipi kitakachomfundisha mtoto wa Kisukuma kuwa Msukuma, tutasema vyote viwili vinahitajika, lakini cha uwanjani kikikosekana kile cha ndani kitabaki bila wa kukieleza.

Na hilo si jambo la kubuni. Vijana wengi wa Shinyanga na Geita leo wanaelekea kwenye machimbo badala ya mashamba, na kila anayehama kijiji anapunguza mkono mmoja kwenye kikundi cha ngoma. Hatuwalaumu, riziki inatafutwa ilipo. Tunasema tu kwamba ukuta unaweza kuanguka mara 100 na kusiwe na hasara, na ukaanguka mara moja tu wakati hakuna aliyejifunza kuchora, hapo ikawa ndiyo basi.

Udongo wa mwari na udongo wa msikiti

Huenda mtu akasema, hayo ni ya wanaume na nyoka, sisi wanawake yanatuhusu nini? Basi tuondoke Usukumani tuje upande wa kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwa Wazigua, Wasambaa na jirani zao. Cory huyo huyo alitoa kitabu chengine mwaka 1956, juu ya vinyago vidogo vya udongo vilivyotumika kufundishia vijana waliokuwa wakitoka utotoni, wakiwemo wari wanaotayarishwa kuolewa. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na maana yake. Kimoja kilifundisha heshima, kimoja usafi, kimoja hatari ya kutoka nje ya ndoa. Mwari alikionyeshwa, akaimbiwa, akatakiwa afahamu maana iliyofichwa ndani.

Vingi vya vinyago hivyo vilikuwa vya udongo usiochomwa motoni. Ukianguka unavunjika, ukinyeshewa unakuwa tope. Waliovitengeneza walijua kuchoma vyungu vizuri sana, kwa hiyo si kwamba walishindwa kuvikausha vikawa vigumu. Kazi ya kinyago ilikuwa kuingia ndani ya akili ya mwari. Akishafahamu, udongo ulikuwa umemaliza kazi yake.

Na kama mtu anataka mfano wa Waislamu wenzetu, upo Djenné, nchini Mali. Pale kuna msikiti mkubwa wa udongo, na jengo la sasa lilijengwa mwaka 1907. Mvua ya kila mwaka inakula kuta zake. Kila mwaka watu wa mji mzima hutoka siku moja kuusiriba upya. Mafundi hupanda juu, vijana hubeba tope, wanawake na wasichana huleta maji ya kulikandia. Kama ungekuwa wa saruji, mji ule ungekosa siku hiyo. Udhaifu wa udongo ndio unaowakutanisha.

Turudi kwa biharusi wetu

Sasa tuangalie kile tunachokifanya wenyewe hapa visiwani, bila kukifikiria sana.

Biharusi anasingwa kwa singo na liwa, na harufu inaondoka baada ya siku chache. Anavishwa kikuba cha asumini, vilua na mrehani, na kesho yake kimenyauka. Anafukizwa udi, moshi unapita dirishani. Anapakwa hina, inakoza siku ya pili, inang'ara, kisha taratibu inafifia kuanzia kwenye viganja, kwa sababu viganja ndivyo vinavyofanya kazi. Hakuna hata kimoja katika hivyo kitakachorithiwa na binti yake.

Lakini tuangalie ni nani waliokuwepo. Ili hina ipakwe, biharusi lazima akae bila kutumia mikono yake saa nzima au zaidi. Hawezi kujilisha, hawezi kujikuna, wala kushika simu. Mama mkubwa anamlisha, shangazi anampepea, somo wake anazungumza naye maneno ambayo hayasemwi siku nyengine. Wasichana wadogo wanatazama mkono wa fundi na kujifunza namna ya kushika koni. Ule mchoro unaoonekana umefutika uliwakusanya wanawake wa vizazi vitatu chumba kimoja. Hina ingekuwa ya kudumu ingepakwa mara moja tu, na hayo yote yangekuwa mara moja tu.

Pia hina hufifia polepole kwa sababu ya kazi za mikono, na kwetu tunaliona hilo kuwa ni funzo zuri. Wiki ya kwanza biharusi anatazama mikono yake. Wiki ya tatu mikono imerudi kuwa yake, na ndoa imeanza kuwa maisha ya kila siku. Kinachotakiwa hapo si kuirudisha hina kwa nguvu. Ni kuuliza: yale niliyoambiwa na somo siku ile ninayakumbuka?

Hatusemi kwamba dhahabu haina maana. Mahari ni haki ya mwanamke kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, na dhahabu imewasaidia wanawake wengi siku ya dhiki. Ichukueni, itunzeni, iandikeni. Lakini kuna hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Sahl bin Sa'd radhiyallahu anhu na kuthibiti katika Bukhari na Muslim, ambayo kila biharusi anafaa aijue. Mtu mmoja alitaka kuoa naye hana kitu. Mtume, rehma na amani za Allah zimfikie, akamwambia akatafute japo pete ya chuma. Hakuipata. Akamuuliza ni nini alichohifadhi katika Qur'ani, yule mtu akazitaja sura anazozijua, na akaozeshwa kwa kile alichokuwa nacho cha Qur'ani.

Angalieni mpangilio wake. Pete ya chuma ni kitu kinachoshika kutu, na ingetosha. Ilipokosekana hata hiyo, mahari ikawa ni ujuzi uliomo kifuani mwa mtu. Huo hauwezi kuibiwa wala kuuzwa kwa sonara, lakini unataka kusomwa kila siku usije ukapotea.

Wale mabingwa wa nyoka wa Usukuma hawakuwa wa dini yetu, na mengi yao hatuyakubali. Hata hivyo walifahamu jambo moja ambalo sisi tuna sababu zaidi ya kulifahamu, kwa kuwa tumefundishwa kwamba kila kilicho duniani kina ajali yake. Walijenga kwa udongo na wakajitahidi wasikose mtu wa kuchora tena.

Kwa hiyo, ewe biharusi mtarajiwa, tunakushauri haya machache. Usitafute hina isiyofifia, na ujihadhari na zile zilizotiwa madawa makali kwa tamaa ya weusi wa kukaa muda mrefu, kwani ngozi za wengi zimeungua. Tafuta hina safi, na fundi mwenye subira. Katika siku ya kupakwa, weka simu mbali, wacha picha zipigwe chache, halafu msikilize somo wako. Mwalike binti mdogo mmoja wa familia akae karibu na mkono wako atazame tangu mwanzo hadi mwisho. Na muulize bibi yako, kama yu hai, maua gani yalitiwa katika kikuba chake na yalifungwa vipi, kisha ukifunge mwenyewe mara moja kwa mikono yako kabla hujaolewa.

Kikuba hicho kitanyauka, nawe utakuwa umeshajua kukifunga chengine.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na awarehemu waliotufundisha. Amin.